Nchi Hii Si Mchanga Mtupu

Hotuba iliyotolewa na muuguzi mwanajumuiya mbele ya familia zetu, Maskati, katika sherehe ya kuadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba

  Ninyi watoto mlioketi hapo mbele kwenye zulia, leo tunasema zaidi na ninyi, kwa hiyo wekeni juisi chini kidogo mtusikilize.

Kamati ilituomba sisi wauguzi tuseme juu ya afya. Tulikwisha kuandaa maneno yetu ya sukari na presha, kama kila mwaka. Lakini mwezi uliopita, katika darasa letu la Kiswahili la siku ya Ijumaa, watoto walipewa karatasi wachore nchi mbili: nchi ya kwao na nchi wanayoishi. Upande wa Tanzania karatasi zilijaa. Kilimanjaro na theluji yake, twiga, daladala, nyumba ya bibi, mwembe, kuku wanaokimbizana. Upande wa Oman mtoto mmoja wa miaka tisa alipaka rangi ya njano ukurasa mzima, kisha katikati akachora kiyoyozi. Mwalimu alipomwuliza, akajibu, "Hapa hakuna kitu. Ni mchanga tu."

Tulicheka sana. Halafu wale tunaofanya kazi hospitali tukaacha kucheka, kwa sababu tunawafahamu watu wanaodhani nchi hii ni mchanga tu. Huletwa kwetu na gari la wagonjwa.

Hatumlaumu mtoto. Tunatoka nyumba yenye kiyoyozi, tunaingia gari lenye kiyoyozi, tunashuka kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi, tunarudi nyumbani. Mtoto ataijulia wapi nchi? Na sisi wakubwa tulikuwa hivyo hivyo. Baadhi yetu shahada ya uuguzi tuliisomea India, miaka minne, tukajiona joto tumelimaliza. Tukatua Maskati usiku mmoja wa Julai. Mlango wa ndege ulipofunguliwa tulidhani ni moto wa injini unaotupuliza usoni. Tukasubiri ndege izimwe, upepo upoe. Injini zikazimwa, upepo haukupoa. Ndiyo ilikuwa hewa yenyewe, saa nane za usiku.

Basi leo tuanze na ramani. Oman ina ukubwa wa kilomita za mraba 309,500 hivi, karibu theluthi moja ya Tanzania. Sehemu kubwa sana, zaidi ya robo tatu, ni nyika ya jangwa na mabonde makavu. Milima ni kama asilimia 15. Ukanda wa pwani wenye rutuba ni kama asilimia 3 tu, na humo ndimo walimojazana watu wengi. Kaskazini kuna milima ya Hajar, iliyopinda kama upinde kufuata bahari, na kilele chake, Jabal Shams, kinafika takriban mita 3,000. Mashariki kuna vichuguu vya mchanga vya Sharqiyah, ambavyo vingine ni virefu kama jengo la ghorofa thelathini. Magharibi ni Rub' al-Khali, yaani Robo Tupu, jangwa ambalo Oman inagawana na Saudi Arabia, Yemen na Falme za Kiarabu. Na kusini kabisa, mwendo wa kilomita elfu moja kutoka hapa, kuna Dhofar, ambako mambo yanageuka kabisa. Tutafika huko.

Tuanze na joto, maana ndilo linalotuletea wagonjwa. Tarehe 26 Juni 2018, mji wa Quriyat, ambao hauko mbali na hapa tulipoketi, ulipitisha saa ishirini na nne bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku mzima. Mwili wa binadamu hutegemea usiku ili upumzike, na usiku kama ule hauna mapumziko.

Miaka michache iliyopita tulimpokea kijana wa kwetu, miaka ishirini na minne, mwenye nguvu kama za punda. Alikuwa na siku kumi na moja tangu afike nchini, kazi yake ni ya nje. Sheria ya hapa inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na kwao ilifuatwa. Lakini jua la saa nne asubuhi nalo ni jua. Alihisi kizunguzungu akanyamaza, kwa sababu mgeni anaogopa kuonekana mvivu. Alipoanza kusema maneno yasiyoeleweka, wenzake walidhani amepandwa na pepo, wakamsomea. Walipomleta joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 41.6. Alipona, alhamdulillahi, ila figo zake zilichukua wiki sita kurudi kazini. Yeye mwenyewe kazini hakurudi. Alirudi nyumbani, na deni la nauli.

Kwa hiyo tusikilizane. Mwili unahitaji kama wiki moja hadi mbili kulizoea joto, na siku za kwanza ndizo za hatari kuliko zote. Mtu aliye kwenye joto akianza kuchanganyikiwa, kuyumba au kuropoka, hilo si pepo, ni ubongo unaungua. Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwekee barafu shingoni na makwapani, na piga 9999. Kama hajitambui usimnyweshe kitu. Anza kumpoza hapo hapo wakati gari linakuja, usingoje. Na wenye selimundu katika familia zetu, ugonjwa ambao uko kwetu na uko kwa wenyeji wetu pia, mjue kwamba kukosa maji mwilini huamsha maumivu yake. Chupa ya maji iwe kama viatu: hutoki bila hiyo.

Jambo la pili ni wadi. Watoto, wadi ni korongo la mto ambalo siku nyingi za mwaka ni kavu, mawe matupu, pazuri pa kutandika mkeka. Wadi na wodi zinatofautiana herufi moja, na tumeona watu waliotoka kwenye wadi wakaletwa moja kwa moja wodini.

Hili nalo lilitukuta sisi wenyewe. Tulikuwa familia nne, msimu wa baridi, tumetandika mikeka kwenye wadi moja huku milimani. Mbingu ilikuwa safi. Mishkaki iko jikoni, watoto wanacheza na mawe. Akatokea mzee mmoja na gari lake la mizigo, akaanza kupiga honi mfululizo na kutupungia mikono kwa ukali. Kiarabu chetu kilikuwa kidogo. Tukaangaliana tukaambiana, haya, tumeanza kubaguliwa, hatutakiwi hapa. Tukakusanya vitu vyetu kwa kununa, mmoja wetu akisema makusudi kwa sauti kwamba nchi hii watu wake hawana utu. Hatujamaliza kupanda ukingoni tukasikia mngurumo kama wa lori. Maji ya rangi ya udongo yakaja na miti ndani yake. Yalichukua mikeka, jiko, na gari moja la mwenzetu. Watoto tuliwahesabu mara tatu.

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mbali, tusikoona. Milima ya Hajar ni mawe yasiyo na udongo wa kutosha wala misitu ya kuzuia maji, kwa hiyo kila tone linateremka. Mzee alijua kwa kuangalia mawingu ya juu ya kilele. Alikaa nasi mpaka jioni, akatoa tende na kahawa kwenye gari lake, wala hakutaja kununa kwetu, ingawa tunaamini alikuona.

Wazee wetu walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapa msemo huo ni kanuni ya barabarani. Maji ya kina cha sentimita thelathini tu yanaweza kuanza kulielesha gari dogo. Sheria inakataza kuvuka wadi linapotiririka, hata kama una gari kubwa, hata kama mwenzako amepita salama. Waliokuwepo hapa wakati wa kimbunga cha Gonu, Juni 2007, na kile cha Shaheen, Oktoba 2021, hawahitaji kuambiwa.

Sasa, nchi inayochoma kwa jua na kufagia kwa mafuriko, watu wameishije humo maelfu ya miaka? Jibu ni falaj, na hili tungependa kila mtoto alichore mwakani.

Falaj ni mfereji. Watu walichimba kisima chini ya mlima mpaka wakakuta maji, wakakiita mama wa falaj. Kisha wakachimba njia chini ya ardhi, wakati mwingine kilomita kadhaa, yenye mteremko mdogo sana, ili maji yatembee yenyewe bila pampu mpaka kijijini. Yanapotokea juu, mahali pa kwanza ni pa kuchota maji ya kunywa. Baada ya hapo ni msikitini na mahali pa kuoga na kufua, wanaume kwao, wanawake kwao. Mwisho ni mitende na mashamba. Anayekunywa ndiye wa kwanza, awe tajiri au maskini.

Baada ya hapo maji ya mashamba hugawanywa kwa saa. Kuna fungu linaloitwa athar, ambalo ni kama nusu saa. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, usiku kwa nyota. Kila familia ilijua nyota yake ikichomoza, maji ni yake. Ikizama, ni ya jirani. Kuna msimamizi, kuna daftari, na fungu jingine hukodishwa ili fedha zikarabati mfereji. Mifereji zaidi ya 3,000 bado inafanya kazi. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka mitano katika orodha ya urithi wa dunia, mmojawapo Falaj Daris wa Nizwa. Wazee wa hapa husimulia kwamba Nabii Sulaiman bin Daud alipita akawaamuru majini wachimbe, ndiyo maana aina hii ya chini kwa chini wanaiita daudi.

Na sisi tuliotoka nchi ya maziwa makubwa na mito mikubwa, tuna la kujifunza hapo. Tuliona vijiji vyetu vikigombana kwenye bomba moja. Hapa watu wa jangwa waliweka utaratibu wa tone moja, wakauheshimu kwa karne nyingi. Ukiona Mwoman anakusalimia salamu ndefu, anauliza habari zako, za watoto, za wazee, za safari, kabla ya kusema shida yake, usione anapoteza muda. Ni watu ambao jirani yao alishika maji yao. Utu ulikuwa sehemu ya kunywa. Na finjani ya kahawa yenye iliki ikija, ipokee kwa mkono wa kulia, na ukitosheka itikise kidogo ndipo uirudishe. Usipoitikisa utajaziwa mpaka usiku usilale.

Tulisema tutafika Dhofar. Wazee wetu wa pwani wanazijua pepo mbili: kaskazi, ambayo huvuma kuanzia Novemba hivi, na kusi, ambayo huanza Aprili. Kwa kaskazi majahazi ya Sur na Maskati yalishuka hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, yamebeba tende na samaki mkavu. Kwa kusi yalirudi na boriti za mikoko, karafuu na nazi. Ukienda Sur leo utaliona Fatah Al Khair, jahazi lililoundwa pale pale mwaka 1951. Na kusi ile ile, ikishapita kwetu, inaendelea kaskazini mpaka inagonga milima ya Salalah, ikabeba ukungu na manyunyu. Ndiyo khareef. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, wakati sisi huku Maskati tunachemka, Salalah ni kijani, ng'ombe wanalisha, minazi na migomba imejipanga barabarani, wanauza madafu. Wengi wetu tulipofika mara ya kwanza tulinyamaza, tukahisi tumeshuka Lushoto. Nyuma ya milima hiyo, mahali ukungu usipofika, ndipo unapomea mti wa ubani. Gome hukwaruzwa, utomvu hutoka kama chozi na kukauka. Ubani mwingi bibi zetu walioufukiza nyumbani ulivuka bahari kutoka pande hizi.

Bahari hiyo ilileta mengi. Waoman waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwaka 1698 wakaitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa. Baadaye Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja. Watoto, hatutawaficha: majahazi hayo hayo yalibeba pia watu waliofungwa minyororo. Historia yetu na watu hawa ina haluwa na ina machozi, na mtu mzima huyameza yote mawili bila kudanganya kimojawapo. Na baada ya 1964 familia nyingi za asili ya Oman ziliondoka Unguja na Pemba, na wengi wao walikuja kuijenga nchi hii baada ya 1970. Ndiyo maana sokoni Mutrah unaweza kutukanwa kwa Kiswahili safi kuliko cha kwenu. Ndiyo maana mishkaki hapa ni mishkaki na mandazi ni mandazi. Ile kofia iliyodariziwa kwa mkono, ambayo leo ni vazi la kila Mwoman, ni ndugu wa damu wa kofia ya Unguja.

Tumalizie na mama mmoja. Alilazwa wodini kwetu baada ya kiharusi. Mwoman, mtu mzima sana, wajukuu wamejaa kitandani. Daktari aliandika kwamba mgonjwa hasemi yanayoeleweka, na familia ililia, ikiamini akili imepotea. Siku ya pili mmoja wetu alikuwa akibadilisha dripu akamsikia ananong'ona. Alikuwa akisema, "Mwanangu, nipe maji ya mtungi." Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya Kiarabu, kikamwachia lugha ya utotoni. Alikuwa mzima kabisa. Aliomba maji siku mbili, kwa adabu, na katika wajukuu wote waliomzunguka hakuna aliyemwelewa.

Mjukuu wake mkubwa, kijana wa chuo kikuu, alitushika mkono akauliza, "Bibi anasema nini?" Tukamwambia. Akainamisha kichwa akasema alimzoea bibi yake akizungumza na shoga zake kwenye simu, na hakuwahi kuuliza ni maneno gani.

Watoto wetu, siku moja sisi ndio tutakuwa kwenye kitanda hicho. Huenda ni hapa, huenda ni Muhimbili, Mungu ndiye ajuaye. Kiingereza tulichosomea kitakwenda, Kiarabu cha kazini kitakwenda, kitabaki Kiswahili. Tafadhalini, mmoja wenu awepo wa kutupa maji.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kabla pilau halijapoa.

La kwanza, msimu huu wa baridi kila familia itoke mara moja. Nendeni Nizwa mkaguse maji ya falaj. Nendeni Ras al-Jinz mkaone kasa wa kijani wanavyotaga usiku. Nendeni Jabal Akhdar. Muulizeni mwenyeji jina la mti, jina la tende. Na kabla ya kuingia wadi yoyote, angalieni milima.

La pili, kila anayefika mgeni kutoka nyumbani tumpokee kabla jua halijampokea. Tumpe namba zetu, tumwambie habari za maji na kivuli. Wapo pia dada zetu wanaofanya kazi majumbani ambao leo hawakupata ruhusa ya kuja. Mnaojua namba zao, wapigieni usiku huu, wasikie ngoma hata kwa simu.

La tatu, nyumbani tuseme Kiswahili na watoto. Hata wakijibu kwa Kiingereza, tuendelee.

Yule mtoto wa karatasi ya njano yuko hapa, na amekubali tumtaje bila jina. Juzi alitujia na karatasi yake. Njano bado ipo, maana jangwa lipo kweli. Lakini pembeni amechora mstari wa buluu unaotoka chini ya mlima, na mwisho wake mtende. Alituuliza falaj inaanzia kulia au kushoto. Tukamwambia inaanzia mlimani, popote utakapouweka mlima.

Wazee walioshusha bendera ya mkoloni mwaka 1961 hawakutuambia uhuru ni kukaa ndani na kudharau ya wenzetu. Kuijua nchi ya watu si kuisaliti ya kwako. Mwenyezi Mungu aijaalie heri nchi yetu, na nchi iliyotupokea, na azirudishe salama nyumbani familia zote zilizoketi hapa leo.  Karibuni chakula, na kila mtu anywe maji kwanza.